Uliza Kilindi Kabla ya Kuuliza Kitanda

Kila Januari simu za Nyahanga, mjini Kahama, hujaa picha za waliokwenda kuvua baharini. Kijana wa mgodini yuko Nungwi, Unguja, kofia mpya, miwani myeusi, ameshika nguru wa kilo tatu kwa mikono miwili. Pongezi zinamiminika: kaka umetisha, mwakani tupo wote. Hakuna anayeuliza mshipi ulikaa majini saa ngapi, wala nguru huyo amelala kwenye barafu tangu lini. Kisha hoteli inasifiwa, na kinachosifiwa ni bwawa la kuogelea. Mtu katoka Kahama, kala karibu kilomita elfu moja za barabara hadi Dar es Salaam, kapanda boti hadi Unguja, karudi kusimulia bwawa.

Wapo mjini humo wachache wanaoijua bahari kwa mshipi: mafundi waliohamia kutoka Tanga, madereva wa malori waliozoea kulala bandarini, mstaafu mmoja mmoja wa meli. Picha hizi huwachoma. Mchimbaji wa Nyahanga hanunui kiroba cha mawe kwa sababu yanang'aa. Anataka yasagwe, yaoshwe kwenye karai, aone kilichobaki chini. Mtu huyohuyo akifika pwani ananunua mng'ao, tena kwa bei ya watalii.

Kwanza msimu, na hapo hakuna mjadala. Mzungu anayekimbia baridi ya Desemba hufika pwani yetu kaskazi ikiwa imeshika, maji ya moto, sulisuli wamesogea karibu na Malindi na Watamu. Baridi ya mtu wa Shinyanga ni kipupwe cha Juni na Julai, watoto wakiwa likizo, na akiifuata kalenda hiyo anakutana uso kwa uso na kusi. Kule Watamu boti nyingi za uvuvi wa burudani huvutwa nchi kavu kuanzia Aprili hadi Julai, na wenyewe si wajinga. Anayeuza safari ya kilindini mwezi Julai kwa bei ya kutupa anauza kichefuchefu. Msimu wa kwenda ni kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Machi. Januari kaskazi ikikaza, boti itoke alfajiri.

Akishajua msimu, mgeni huuliza bei ya chumba, kisha bei ya boti, kisha kama kuna intaneti. Swali lenyewe halimpitii kichwani: kilindi kiko umbali gani kutoka gatini?

Sakafu ya bahari yetu haikulala sawasawa. Pwani ya Tanzania imezungukwa na ukingo mwembamba wa maji ya kina kifupi, kwa wastani kama kilomita 6 tu, kisha sakafu inaporomoka. Lakini kwenye mikondo ya Unguja na Mafia ukingo huo hupanuka hadi kufikia kilomita 60 hivi. Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo huohuo wa bara. Kati ya Unguja na Bagamoyo maji ni ya makumi ya mita tu. Pemba ni habari nyingine kabisa. Mkondo unaoitenga na bara unazama hadi kama mita 800. Ziwa Victoria, ambalo kwa mtu wa Kahama ndilo maji yenyewe, halifiki hata mita 90 mahali linapozama zaidi.

Samaki wanaomtoa mtu Nyahanga, yaani nduaro, sulisuli na jodari wakubwa, hupenda pale sakafu inapokatika. Mkondo ukigonga ukuta huo, maji ya baridi yenye lishe hupanda juu, vibua na dagaa hukusanyika, na wakubwa huwafuata. Nguru anapenda maji ya miamba na kina kifupi. Kwa hiyo ile picha ya Nungwi imejieleza yenyewe: boti haikufika kilindini. Na la kuudhi ni kwamba ingeweza kufika. Kaskazini ya Nungwi, kuelekea Pemba, kuna fungu ambalo ramani huliita Leven Bank, kwa jina la meli ya Kiingereza iliyopima pwani hii miaka ya 1820. Linainuka kutoka kwenye maji marefu, na wavuvi wa mshipi wanalijua. Kijiji kilekile, gati lilelile, nahodha mmoja anashika njia ya kaskazini na mwingine anazunguka miambani mpaka saa ziishe.

Umbali huo ndio unaoamua unafuu, maana gharama ya boti karibu yote ni mafuta na saa. Chukua mfano. Boti ya kwanza inadai shilingi 800,000 kwa saa 8, lakini inatumia saa 2 kwenda na 2 kurudi. Mshipi unakaa kwenye maji ya maana saa 4, kila saa shilingi 200,000. Boti ya pili inadai 1,000,000 kwa saa hizohizo 8, na kilindi kiko nusu saa tu. Inabaki na saa 7, kila moja kama shilingi 143,000. Asiyejua atapanda ya kwanza na kujisifu kwamba kaokoa laki mbili.

Wazungu waliozoea wamelijua hili siku nyingi. Waingereza wengi wa mifuko ya kawaida hukimbilia visiwa vya Canary wakati wa baridi. Ndege za bei nafuu zipo, lakini mvuvi miongoni mwao anaangalia jambo la pili: visiwa vile ni vya volkano, vimechomoka moja kwa moja kutoka vilindini, na boti ikitoka bandarini muda si mrefu iko juu ya mamia ya mita za maji. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Alirudi mwaka 1954, baada ya ajali mbili za ndege huko Uganda, akapiga kambi Shimoni, mbele ya mkondo wa Pemba, na huko moto wa msituni ukamuunguza juu ya majeraha aliyokuwa nayo. Ukitazama ramani ya vilindi utaona kwa nini mtu aliyeumia vile alijikokota hadi Shimoni.

Namna ya kumpima nahodha ni fupi. Muulize: kina cha mita mia mbili kiko dakika ngapi kutoka hapa? Tapeli atakujibu kwa majina ya samaki. Atataja nduaro, atataja jodari, atafungua simu akuonyeshe picha. Fundi atakujibu kwa dakika, kisha ataongeza kwamba inategemea maji. Wazee wa Kigombe na Tongoni, kusini ya Tanga, walikuwa wakijibu kwa alama: kilima fulani cha Usambara kikikaa juu ya minazi ya mahali fulani, upo ukingoni, teremsha chubwi. Hawakuwa na kifaa chochote cha kupimia kina zaidi ya chubwi hilo na kidole kilichozoea kuusikiliza mshipi.

Tena pwani ya Tanga ina ushahidi ambao hakuna tapeli anayeweza kuutunga. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa huko walianza kunasa silikanti kwenye majarife yao, samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kudhani ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Silikanti ni samaki wa vilindi. Akinaswa na wavuvi wa vyombo vidogo, wasio na meli wala winchi, maana yake kilindi kiko karibu kiasi cha kufikiwa kwa mashua na kurudi siku hiyohiyo. Hakuna tangazo la hoteli lenye uzito huo.

Matapeli wana mbinu zao, na nyingi hufichuliwa na samaki mwenyewe. Ipo inayofanyika kila msimu: jodari ananunuliwa sokoni alfajiri, anawekwa kwenye pipa la barafu chini ya benchi, na mgeni aliyerudi mikono mitupu anapewa amshike apigwe picha, asirudi kwao na aibu. Mgeni anatoa bahashishi. Tazama jicho: likiwa na ukungu, samaki huyo hakufa leo. Tazama matamvua: yawe mekundu, yasiwe rangi ya matope. Fulusi ndiye shahidi mkubwa kuliko wote. Akitoka majini anawaka dhahabu na kijani, lakini rangi hizo humtoka ndani ya dakika chache baada ya kufa. Fulusi anayewaka kwenye picha hakutoka kwenye pipa la barafu.

Kinachofuata ni maji. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa maana, ndiyo sababu mtu wa kanda ya ziwa hulipa kwanza na kuangalia mwezi baadaye. Pwani yetu, siku za bamvu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne. Boti iliyofungwa kwenye hori la kina kifupi isipotoka alfajiri italala juu ya matope hadi mchana, na saa za mgeni zitahesabiwa. Anayekwenda Pangani akumbuke kwamba mlango wa mto una mchanga. Kwa kurambaza, maji mafu, kinyume cha bamvu, hayana ubaya. Kwa kutega miambani, bamvu huyumbisha chubwi mpaka mtu achukie uvuvi.

Mengine yaliyobaki hayahitaji maelezo. Boti yenye spika kubwa iachwe. Nahodha anayevaa viatu ndani ya boti aachwe. Chambo cha ngisi kiwe cha jana usiku, si cha juzi. Hoteli nzuri ya mvuvi ni ile inayompa chai na mhogo saa kumi alfajiri bila kuuliza maswali. Ile ambayo kifungua kinywa chake huanza saa moja ni ya maharusi. Baharia kijana anayefunga ndoana bila kuitazama ana thamani kuliko mashine mbili mpya.

Zamani mambo haya hayakuhitaji kuandikwa. Mtoto wa Kigombe alijifunza mlingano wa vilima kabla hajaachiwa usukani wa ngalawa, na miamba ilikuwa mizima. Kisha ikaja baruti. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga na Dar es Salaam ililipuliwa, na taarifa za uhifadhi zilitaja baruti zilizochepushwa kutoka migodini na kwenye ujenzi, jambo ambalo kanda ya dhahabu haipendi kulisikia. Msako wa miaka ya 2016 hadi 2018 ulipunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Matumbawe hayarudi kwa amri, na changu na chewa wa miambani si wale wa zamani. Hiyo ni sababu nyingine ya kulipia kilindi badala ya mwamba.

Basi mtu wa Nyahanga mwenye akiba ya kawaida aende wapi? Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo ambacho ramani hukiita Latham, kina sifa zake, lakini kiko kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na mafuta ya kufika huko ni ya wenye migodi, si ya wachimbaji. Mafia ni ya kwenda kuwaona papa potwe pale Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi. Sehemu ya bahari yake iko ndani ya hifadhi tangu mwaka 1995, na mvuvi anapaswa kujua mipaka na ada kabla ya kuteremsha ndoana. Watamu na Malindi zina manahodha bora kuliko wote wa pwani hii, wala hilo halina ubishi, ila bei zake zimepangwa kwa mifuko ya Ulaya. Shimoni ina mkondo wa Pemba mlangoni, na anayetoka Tanga anafika kwa kuvuka Horohoro. Kaskazini ya Pemba ni pazuri kuliko kote huko, lakini vitanda ni vichache na ghali. Tena uvuvi wa maji ya pwani si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha bara hakimsaidii mtu akiwa Zanzibar.

Hukumu ni Tanga, kati ya mjini na Kigombe. Njia inajulikana: basi hadi Dodoma, treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024 hadi Morogoro, kisha basi kupitia Chalinze na Segera. Nyumba za wageni ni za bei ya Kitanzania, vyakula ni vya Kitanzania, na mkondo wa Pemba ndio uleule watalii wanaoulipia dola upande wa pili. Boti za mshipi ni chache kuliko Watamu, kwa hiyo anayetaka Februari ampigie nahodha simu mwezi Novemba, na leseni ya uvuvi aikate kabla ya kupanda boti.