Kuvu Dhidi ya Nzige wa Malagarasi

Mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Ujiji, kwa hiyo sumu inayomwagwa bondeni kwake ina njia ya kufika kwa dagaa na migebuka. Mwaka 2009 nzige wekundu walizaliana kwa wingi bondeni humo, Iku-Katavi na nyanda za Ziwa Rukwa: nchi ya matope, viboko na ndege. Fenitrothioni, kemikali iliyozoeleka, huua upesi lakini haichagui.

Shirika la kimataifa la nzige wekundu, IRLCO-CSA, likisaidiwa na FAO, lilipiga kwa ndege kiuatilifu cha kuvu kiitwacho Green Muscle kwenye hekta zipatazo 10,000. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa kiuatilifu hai kutumika dhidi ya nzige kwa ukubwa huo.

Ndani ya Green Muscle mna spora za kuvu iitwayo Metarhizium acridum, zilizochanganywa na mafuta. Mafuta ndiyo yaliyokuwa ugunduzi hasa. Kuvu ikikorogwa kwa maji hutaka unyevu mwingi hewani. Watafiti wa mradi wa LUBILOSA, ulioanza 1989 na kufanya majaribio yake Afrika Magharibi, walionyesha kwamba ndani ya mafuta huambukiza hata penye ukame, kwani mafuta hushika vizuri kwenye nta ya gamba la nzige. Spora huota hapo, hutoboa gamba na kuula mwili kwa ndani.

Ila haina haraka. Nzige hufa baada ya wiki moja hadi tatu, na mgonjwa huota jua makusudi, joto la mwili lipande na kuvu idumae. Mkulima ambaye mahindi yake yanatafunwa leo atakuona unamfanyia mzaha! Huko Malagarasi kuvu ilifaa kwa sababu nzige walikutwa mazalioni, kabla ya kuhama. Baa la 1930 hadi 1944, lililoenea karibu kusini yote ya Afrika, lilianzia kwenye mazalio ya namna hiyo, Rukwa likiwamo. Kwa maoni yangu, upelelezi wa mapema ulifanya nusu ya kazi ya kuvu.

Nzige wa jangwani walipovamia 2020, Somalia iliitumia sana kuvu hiyo. Kenya na Ethiopia zilitegemea zaidi kemikali; makundi yalikwisha kuwa angani.