Uso Unaoonekana, Pembe Isiyosemwa: Vito vya Picha vya Enzi ya Victoria

Tarehe 23 Novemba 1839, Malkia Victoria alipolitangazia Baraza lake uchumba wake na Albert, alivaa bangili yenye picha ya mchumba huyo. Kabla ya fotografia kuenea, picha za vito vya aina hiyo zilichorwa mara nyingi juu ya vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Maelezo ya makumbusho aghalabu humtaja aliyechorwa na mchoraji. Kuhusu malighafi, huishia kwenye neno “pembe”. Ilhali London ya karne ya 19 ilipokea pia pembe zilizopitia Unguja, zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara. Uhakiki unaosifu mapenzi ya mvaaji na kumnyamazia mpagazi ni nusu uhakiki. Sera za makumbusho ziagize asili ya pembe ichunguzwe. Isipojulikana, hilo nalo liandikwe.