CampStove 2: Simu Kwanza, Sufuria Baadaye

BioLite CampStove ni jiko dogo la kambi linalochoma vijiti. Sehemu ya joto lake hugeuzwa umeme, umeme unazungusha feni, feni inapuliza hewa motoni. Utamu uko hapo: moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua. Ukichanganywa vizuri na hewa, nao unawaka na kupasha sufuria.

Sasa, toleo la pili la 2017 liliboresha nini? Umeme ulipanda kutoka wati 2 hadi 3, ikaongezwa betri ya kuhifadhi chaji. Sawa, ila tupige hesabu. Betri ya simu ya leo hubeba kama wati-saa 15. Kwa wati 3 utakaa saa 5 ukilisha vijiti, tena tukijifanya hakuna umeme unaopotea njiani. Nani anapika wali saa 5?

Wakati huohuo chemba ya moto bado ni ndogo, kwa hiyo mpishi anaendelea kukatakata vijiti na kuvichomeka kila baada ya dakika chache. Jiko lenyewe lina uzito wa karibu kilo 1.

Kwa kupunguza moshi, linanunulika. Kwa ajili ya simu tu, beba pawabenki.