Chema Hakijiuzi: Uhakiki wa Mkoba wa Mwanafunzi wa Sanaa

Wasomaji wa safu hii wamezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii naomba ruhusa ya kuhakiki kitu ambacho hakijapigwa chapa wala hakiuzwi dukani, nacho ni mkoba wa kazi wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sanaa hapa Kampala, ambaye pia husoma Kiswahili katika idara yetu. Alinijia na ombi dogo tu: nimsahihishie ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kituo kimoja cha sanaa cha Dar es Salaam kilikuwa kimetangaza nafasi za miezi mitatu kwa wasanii chipukizi, na kilitaka picha za kazi zisizozidi 12, maelezo mafupi ya msanii, pamoja na mpango wa atakachofanya akichaguliwa. Ukurasa ule niliusoma mara mbili nikashindwa kuusahihisha. Nikamwambia, "Binti, siwezi kusahihisha maelezo ya kazi nisizoziona. Lete mkoba wote." Akauleta. Ameniruhusu kuuandikia, kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nisimwonee huruma.

Kwanza neno lenyewe. Wanafunzi wa sanaa husema potifolio, na hakuna ubaya. Mimi napendelea mkoba, kwa sababu mkoba hutiwa zana ambazo mwenyewe atazihitaji safarini, na kwa sababu mganga anapopata mrithi husemwa kwamba fulani karithi mkoba, yaani karithi ujuzi wenyewe na wala si ngozi iliyoshonwa. Ghala ni kitu kingine. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la mwanafunzi wetu.

Mkoba wake ulikuwa na kazi 24. Ulifunguliwa kwa taswira yake mwenyewe ya rangi ya mafuta, wakafuata tembo watatu wakati wa machweo, kisha chupa na matunda ya zoezi la mwaka wa kwanza, bango la kuhimiza watu kunawa mikono, vikombe viwili vya udongo, halafu twiga, na kadhalika. Kila alichowahi kufundishwa kilikuwamo, tena kwa mpangilio wa alama alizopata, zenye alama za juu zikitangulia. Mkoba wa namna hiyo humwambia mtazamaji kwamba mwenyewe alihudhuria masomo yote. Habari hiyo itakuwamo katika cheti chake.

Nyuma ya twiga, kuanzia ukurasa wa 17, nilikuta kazi saba zilizonifanya niweke kikombe cha chai chini. Tano ni chapa za mbao zinazowaonyesha mafundi cherehani wa soko la Owino wakirekebisha mitumba. Nyuso zao hazionekani; tunaona mikono, mikasi na pindo. Mbili ni vipande vya nguo ya gome la mti wa mutuba, ile ambayo Waganda huiita lubugo, vilivyotiwa viraka kwa uzi mwekundu. Katika chapa ya tatu cherehani imekatwa na ukingo wa karatasi, gurudumu halimo kabisa, na bado mtazamaji anajua kwamba linazunguka, maana mistari ya patasi imelala upande mmoja kama kitambaa kinachovutwa. Hilo halifundishwi kwa zoezi la chupa na matunda.

Nilimwuliza kwa nini amezificha huko nyuma. "Mwalimu, hizo ni za mtaani tu. Nani atanunua mikono?"

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tunaifundisha methali hiyo mwaka hadi mwaka bila kuihoji. Katika biashara ya picha naona mambo ni kinyume. Tembo wa machweo hahitaji kutembezwa. Akiwekwa katika duka la vitu vya ukumbusho ataondoka na mgeni kabla ya wiki kwisha. Chema kilichojificha ukurasa wa 17 ndicho kisichojiuza, kwa kuwa mtu mwenye mikoba mingi mezani huenda asifike ukurasa huo. Na kuhusu mikono, nilimkumbusha kwamba Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Venice mwaka 2022 ilitajwa kwa heshima maalumu na waamuzi, na kwamba mmoja wa wasanii wawili waliotuwakilisha, Acaye Kerunen, alipeleka kazi zilizoundwa kwa ususi wa wanawake wa hapa nchini. Mikono ya watu wa kawaida, basi, ilifika Venice.

Historia ya mji huu ina mfano mwingine wa zamani zaidi. Sam Ntiro, Mchagga wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akaenda Slade, London, akarudi kufundisha Makerere. Baada ya uhuru wa 1961 akawa balozi wa Tanganyika huko huko London. Ukizitazama picha zake unaona watu wadogo wadogo wasio na sura za kutambulika, migomba, vijia vya mlimani na kazi zinazofanywa kwa pamoja. Karibu na mbali havifuati kanuni alizokutana nazo Slade. Wako waliomwona kama mtu asiyekua. Mimi namwona kama mtu aliyejua mapema kilicho chake. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, wakati wenzake wengi wa hapa hawajafikiriwa na mtu yeyote huko. Zipange picha kumi za Ntiro ukutani bila majina, na hata mgeni atajua kwamba ni za mkono mmoja. Picha kumi za kwanza za mwanafunzi wetu ungedhani ni za darasa zima.

Nakiri kwamba mfano huu una upungufu. Ntiro alihitimu wakati wasomi wa sanaa wa Afrika Mashariki walihesabika kwa vidole. Binti huyu atahitimu pamoja na darasa zima, na nchi haina mabalozi wengi kiasi hicho.

Sasa nirudi kwenye ukurasa ulioletwa kusahihishwa. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Kazi zangu zinachunguza utambulisho, kumbukumbu na nafasi katika muktadha wa utandawazi, nikihoji mipaka baina ya desturi na usasa." Kisarufi sina pa kutia wino mwekundu. Taabu ni kwamba sentensi hiyo ungeweza kuibandika chini ya mikono ya mafundi, chini ya twiga, au chini ya picha ya mtu mwingine wa nchi nyingine. Anayechunguza hutuambia alichokikuta, hapa hatuambiwi. Anayehoji huhoji mtu. Mipaka haina kinywa. Na hilo neno nafasi limebebeshwa mzigo wa Kiingereza ambao halijauzoea. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia binti anachunguza nafasi atadhani anatafuta kazi, na kwa kweli ndicho alichokuwa akifanya.

Lawama hii haimwangukii yeye peke yake. Sisi walimu wa lugha ndio tunaotoa alama nzuri kwa insha zilizojaa muktadha, mustakabali na mchakato, tukiamini kwamba mwanafunzi aliyezipanga vizuri amefikiri. Nimewahi kuzitoa mwenyewe, na nadhani si mara moja.

Nikamwomba afunge ukurasa ule, ashike kipande kimoja cha lubugo, anieleze kwa mdomo alivyokitengeneza. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Hii nguo ya gome haitaki sindano nyembamba. Ukishona karibu na ukingo inapasuka. Fundi mmoja wa Owino akanionyesha kushona kwa kurudi nyuma, vile wanashona pindo la jinzi ya mtumba. Halafu nikaona kumbe nguo ya mababu inashikwa na uzi wa mtumba." Nilimwambia ayaandike hayo hayo. Akanitazama kana kwamba namfanyia mzaha. "Lakini Mwalimu, hiyo si lugha ya kitaaluma."

Tulibishana hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nilimsimulia jinsi Trowell, alipoanza kufundisha Makerere mwaka 1937, alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakachora walichokiona akilini. Maneno yaliyoweza kuzaa picha hayakuwa ya jumla jumla. Lazima mtu asikie mvua ilinyesha wapi na nani alikuwa amebeba nini. Binti huyu anasafiri njia ile ile kinyumenyume, kutoka kwenye picha kwenda kwenye maneno, na mwisho wa safari msomaji anataka kitu kile kile, yaani sindano, ukingo na uzi. Hatimaye alikubali kubadilisha "vile wanashona" kuwa "kama wanavyoshona", mimi nikakubali "kumbe" ibaki mahali pake.

Jambo moja nilimtaka aliongeze. Msomaji wa pwani huenda hajawahi kuona lubugo, kwa hiyo apewe sentensi mbili: kwamba gome hubanduliwa bila kuukata mti, shina likafungwa majani ya mgomba hadi lipone, na kwamba gome hilo hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mikato mpaka litanuke na kulainika. Alitaka kueleza pia kwamba UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Nikamwambia hilo liko katika kila kijitabu cha watalii, na yeye ana fundi wa Owino ambaye hayumo katika kijitabu chochote.

Kuhusu picha zenyewe sitachelewa. Zilipigwa kwa simu juu ya kitanda cha bweni, na moja inaonyesha kidole cha mguu cha mpiga picha. Chapa nne ziliitwa "Bila jina". Hakuna iliyoandikiwa kipimo, mwaka, wala nakala ni ya ngapi kati ya ngapi. Mnunuzi wa chapa huuliza hilo la mwisho kabla ya bei.

Mpango wa miezi mitatu ulikuwa dhaifu kuliko vyote: "kukuza kipaji changu na kupanua mtandao wangu." Nikamwuliza, Jumanne ya wiki ya pili utakuwa wapi saa nne asubuhi? Hakuwa na jibu. Tukalitafuta pamoja. Dar es Salaam ina soko la Karume, na Karume kuna mitumba, na penye mitumba pana mafundi. Mutuba hataupata huko, basi atasafiri na mita ngapi za lubugo? Mbao za kuchonga atanunua kwa seremala gani, kwa fedha zipi? Vitambaa vya kanga vilivyobaki kwa mafundi vitaingia katika viraka, au ataendelea na uzi mwekundu peke yake? Maswali haya yalimchosha, lakini ukurasa uliotokana nayo unaweza kusomwa na mtu asiyemjua, akamwona anafanya kazi.

Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na jambo ambalo kituo hakikuliuliza. Baba yake anamtaka asomee ualimu mara tu baada ya mahafali, naye huutaja ualimu kama mtu anayetaja kaburi. Nilijizuia kucheka, maana alikuwa akimwambia mwalimu. Gregory Maloba, Mkenya, alikuwa mwalimu Makerere alipotengeneza Mnara wa Uhuru wa 1962, yule mwanamke aliyeviringishwa vitambaa anayemwinua mtoto, ambaye tunampita katikati ya mji bila hata kuinua macho. Elimo Njau wa Marangu naye alifundisha. Mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a matukio matano ya maisha ya Kristo katika mandhari ya Wakikuyu, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi pamoja na wenzake. (Wanafunzi wa mofolojia walichezee jina hilo: paa mnyama, paa kitenzi cha kuruka juu. Darasani tungedai upatanisho wa viumbe hai, paa apaa, na tungeua utani wote.)

Hata hivyo sikumwambia kwamba ualimu ni jibu. Mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi 80 darasani hurudi nyumbani na madaftari, na patasi hukaa kabatini mpaka ishike kutu. Nilichomwomba ni hesabu: kodi ya chumba, mbao, wino, karatasi, nauli, kwa mwezi, na siku ngapi za wiki zitabaki zake iwapo atafundisha, na ngapi iwapo hatafundisha. Hesabu hiyo ameipeleka kwa baba yake. Wamezungumza, anasema, bila kugombana, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu achague somo hili.

Mkoba uliotumwa una kazi 11: zile saba, rasimu tatu za mkaa alizozifanya sokoni, na taswira yake mwenyewe. Hiyo ya mwisho nilimshauri aitoe, akakataa, akaihamishia ukurasa wa mwisho. Nilipoitazama tena mahali pake papya niliona kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza: blauzi aliyovaa ina kiraka begani, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Jibu kutoka Dar es Salaam bado halijaja. Tembo watatu wameuzwa katika duka moja la vitu vya ukumbusho, na fedha zao ndizo zilizomlipa mpiga picha.