Neno "Kisinema" na Maana Yake

Siku hizi mtu akisifu hadithi husema, "Ni ya kisinema." Mlima mzuri nao ni wa kisinema, na arusi yenye matarumbeta kadhalika. Walakini neno lisifulo kila kitu halisifu kitu. Basi na tulipime.

Asili yake ni neno la Kiyunani, kinema, maana yake mwendo. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha picha zao watu waliolipa kiingilio, mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, chombo chao kiliitwa Cinématographe, yaani chenye kuandika mwendo. Nasi tumetanguliza "ki-", kama tusemavyo kifalme au kitoto. Kwa hiyo kisinema ni kwa namna ya sinema. Na sinema ni mwendo kwanza, uzuri baadaye. Mlima umesimama, picha ya ukutani yautosha.

Tena utepe wa sinema ni picha zilizosimama, kwa kawaida 24 kwa kila sekunde. Mtazamaji ndiye aonaye mwendo. Msimulizi mwema hufanya vivyo hivyo: huweka tendo baada ya tendo, msomaji akaunganisha. Someni habari za mwana mpotevu katika Luka 15. Hatuelezwi sura ya baba wala ukubwa wa nyumba yake. Twamwona kijana yu mbali njiani, mzee amtambua, mzee apiga mbio. Mbio zile zatuonyesha upendo kuliko sifa kumi. Hayo ndiyo masimulizi ya kisinema.

Iko na desturi nyingine. Watu wakigombana njiani, majirani huitana, "Njoni, sinema ya bure!" Mimi mwenyewe nilisimama hivyo siku moja, mama mmoja alipotupiwa vyombo vyake nje. Nilicheka pamoja na wenzangu, wala sikuokota hata sufuria moja. Neno lile lilitupa ruhusa, kwa maana aangukaye katika kitambaa cheupe hatuwezi kumwinua. Bali jirani twaweza. Baba yule wa Luka hakukaa akitazama.

Basi, wasomaji, kisinema tuliweke kwa masimulizi yenye mwendo. Mlima tuuite mzuri, yatosha. Na mwenye shida tumwite ndugu, kisha tumwendee.