Je, Sikio la Mtoto Hufungwa Akikaribia Mwaka Mmoja?

Wapo walimu wa lugha wanaoamini kwamba mwanafunzi asiyetofautisha /r/ na /l/ amekwisha kuchelewa, kwa kuwa ubongo wake ulifungwa angali mtoto mchanga. Imani hii hujengwa juu ya utafiti wa saikolojia ambao tunanuia kuuhakiki hapa kwa ufupi.

Janet Werker aliuanza utafiti huo akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na mwaka 1984 akachapisha matokeo pamoja na Richard Tees. Watoto wachanga wa familia zinazozungumza Kiingereza walisikilizishwa sauti mbili za Kihindi zinazokaribiana na /t/, na nyingine mbili za Kinlaka'pamux, lugha ya wenyeji wa British Columbia. Mtoto alizoezwa kugeuza kichwa sauti ilipobadilika. Akipatia, alionyeshwa mwanasesere. Wengi wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha sauti hizo. Wengi wa miezi 10 hadi 12 walishindwa, ilhali wenzao waliolelewa katika lugha hizo hawakushindwa.

Ubora wa kazi hii ni kwamba haikutegemea lugha moja. Udhaifu wake ni kwamba kugeuza kichwa ni tendo tu; hakutuelezi yote yanayotendeka ubongoni. Mwaka 2005, huko Marekani, Maritza Rivera-Gaxiola na wenzake walipima umeme wa ubongo, wakaona kuwa baadhi ya watoto wa miezi 11 bado walikuwa na dalili za kutambua sauti za kigeni. Aidha, Werker mwenyewe alionyesha kuwa hata watu wazima huweza kuzitofautisha sauti hizo katika mazingira fulani ya jaribio. Ndiyo maana makala yake ya 1984 yalizungumzia kupangwa upya kwa usikivu, wala si kufa kwake.

Tutazame hali yetu Uganda. Katika Luganda, /r/ hufuata irabu /e/ na /i/, na /l/ hutumika kwingineko. Kubadilishana kwake hakuleti maana mpya. Mwanafunzi Mganda anayesema "kupiga kula" badala ya "kupiga kura" hana sikio bovu. Ubongo wake umejifunza vyema kupuuza tofauti isiyo na kazi katika lugha yake. Basi ni jukumu la mwalimu kuipa kazi tofauti hiyo kwa jozi kama kura na kula, mahari na mahali, kwanza kwa kusikiliza, kisha kwa kutamka. Kumhukumu kabla ya kumfundisha ni kumwonea, na utafiti huu hautupi ruhusa hiyo.