Picha za Nyiragongo: kwa nini programu hugeuza jiwe jeusi kuwa kijivu

Ni mandhari chache zinazoitesa kamera kama kreta ya Nyiragongo. Mlima huo wa mita 3,470, kaskazini mwa Goma, ulibeba ziwa la lava lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi hadi mlipuko wa Mei 22, 2021 ulipolikausha. Picha zake za usiku zilikuwa na shida moja. Ukipima mwanga wa lava, kuta za kreta zinamezwa na giza. Ukipima wa kuta, ziwa linabaki doa jeupe lisilo na rangi. Mchana shida hiyo hushuka mjini, kwenye nyua na nyumba za mawe meusi ya lava, huku Ziwa Kivu likimeremeta nyuma yake.

Dawa yake inajulikana kwa jina la HDR: kupiga picha kadhaa za mahali pamoja kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha kuziunganisha kwa programu. Kazi huanzia kwenye kamera. Isimame kwenye stendi ya miguu mitatu, tundu la lenzi na ISO visibadilishwe, fokasi ifungwe. Kinachobadilika ni muda peke yake. Kwa kreta ya usiku, mfululizo wa kufaa ni sekunde 1/60, 1/8, 1 na 8. Kila picha hupokea mwanga takribani mara nane ya iliyoitangulia. Ya kwanza huhifadhi rangi ya lava, ya mwisho hufichua kuta.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Ya kwanza ni ile ya Paul Debevec na Jitendra Malik, iliyochapishwa mwaka 1997. Programu hulinganisha pikseli ileile katika picha zote, hukadiria jinsi kamera inavyoitikia mwanga, kisha hukokotoa mwanga halisi wa kila sehemu. Matokeo yake yana upana wa mwanga ambao kioo cha kompyuta hakiwezi kuuonyesha, kwa hiyo lazima ubanwe kabla ya kutazamwa. Luminance HDR, programu ya bure, hufuata njia hii na kumpa mtumiaji mbinu kadhaa za kubana.

Udhaifu wake kwa Nyiragongo ni kwamba hesabu hiyo hudhani hakuna kilichosogea kati ya picha moja na nyingine. Kwenye ziwa la lava, magamba meusi huelea, hupasuka na kuzama, na moshi hautulii. Programu hukuta thamani zinazopingana, ikatoa wastani wake, na hapo huzaliwa vivuli vya mizimu.

Njia ya pili ilitolewa mwaka 2007 na Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth. Hawa hawakokotoi mwanga halisi. Kila pikseli ya kila picha hupewa alama kwa utofauti wake na jirani zake, ukolevu wa rangi yake, na jinsi isivyozidi giza wala weupe. Yenye alama kubwa ndiyo huchangia zaidi. Programu ya bure ya Enfuse imejengwa juu ya wazo hili, na ikishirikiana na vifaa vya Hugin, kazi yote ni amri mbili:

align_image_stack -a sawa_ *.tif
enfuse -o kreta.tif sawa_*.tif

Ya kwanza hulinganisha picha zilizoyumba kidogo, ya pili huziunganisha. Kwa lava, njia hii ina faida: sehemu iliyoungua kwa mwanga haina rangi, hivyo hupata alama ndogo, na ziwa huchukuliwa karibu lote kutoka kwenye picha fupi. Mizimu hupungua, ingawa kwenye moshi hubaki kidogo.

Lakini hapa ndipo jiwe jeusi linapopotea. Enfuse ikiachwa na mipangilio yake ya awali, huhesabu thamani ya 0.5, yaani katikati ya nyeusi na nyeupe, kuwa mwanga bora kuliko wote. Programu haijui kwamba ukuta wa Goma ni mweusi kwa asili. Huuona kama kitu kilichokosa mwanga, ikachagua picha ndefu na kuupandisha hadi kijivu. Tiba ni kushusha kipimo hicho, kwa mfano --exposure-optimum=0.35 (matoleo ya zamani huandika --exposure-mu), au kuiondoa picha ndefu kuliko zote kwenye mfululizo. Linganisha matokeo na jiwe lenyewe, usiangalie kioo peke yake.

Katika mji uliofikwa na lava mwaka 2002, na ambao mwaka 2021 ilisimama viungani mwake, wekundu wa anga juu ya mlima ni habari nzito. Picha ya sekunde nane huuonyesha mwanga huo mkali kuliko jicho linavyouona. Anayesambaza picha iliyounganishwa aandike chini yake kwamba imeunganishwa, ahifadhi faili ghafi zote, na suala la hatari awaachie wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma. Enfuse ni chombo kizuri kwa kreta hii, mradi kipimo cha mwanga kiwekwe na mtu anayelijua jiwe la Goma.